Kompyuta Inayowaka Leo na Kugoma Kesho: Namna ya Kuitafuta Hitilafu ya Vipindi



 Ndugu wasomaji, wanafunzi na wazazi wetu wa Kihagara na vijiji jirani, katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo lililotusumbua ofisini kwa muda wa miezi miwili. Jambo lenyewe ni kompyuta ya mezani kuwaka siku moja na kugoma siku nyingine, bila ya sababu inayoonekana kwa macho.

Tumeliandika kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wengi wanakutana na kompyuta shuleni, kwenye steshenari na majumbani, na ni vyema wakajua namna ya kufikiri pale chombo kinapokataa kazi. Pili, kompyuta ya madrasa ni amana. Ndani yake imo rejista ya wanafunzi, maswali ya mitihani, alama za miaka iliyopita na hesabu ya michango ya wazazi. Ilipoanza kugoma mtihani wa mwisho wa mwaka ukiwa umekaribia, wako waliosema imekufa na inunuliwe nyingine. Fundi mmoja wa mjini, alipoelezwa kwa simu, alisema madabodi ndiyo iliyokufa, na bei aliyoitaja ingemaliza fedha yote iliyochangwa kwa ajili ya madawati. Hivyo basi, suala la kujua hasa kilichoharibika lilikuwa ni suala la madawati ya watoto.

HITILAFU YA VIPINDI NI NINI?

Sisi watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa tunaijua vizuri malaria. Mgonjwa hutetemeka usiku, asubuhi akaamka mzima, akala, hata akaenda ziwani. Kesho yake homa inarudi. Kupoa kwa homa si kupona. Vimelea vimo damuni, vinasubiri wakati wao.

Kompyuta nayo ina homa ya namna hiyo. Chombo kilichokufa moja kwa moja ni rahisi kukitibu, kwani kila ukikijaribu kinakuonyesha ugonjwa wake. Kigumu ni kile kinachogoma mara moja katika tatu. Ukigusa waya kikawaka, utasema ni waya. Jirani akikipigapiga ubavuni kikawaka, atasema dawa ni kupiga. Yumkini wote wawili hawakutibu chochote, bali zamu ya kuwaka ilikuwa imefika.

Hili ndilo jambo kubwa tunalotaka msomaji aondoke nalo: katika hitilafu ya vipindi, kuwaka mara moja si ushahidi wa kupona. Ushahidi unapatikana kwa kuandika, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kusubiri muda wa kutosha.

SAFARI YA UMEME TANGU KUBONYEZA KITUFE

Ili kujua kompyuta inakwama wapi, ni lazima kwanza tujue inapita wapi. Tangu kidole kiguse kitufe mpaka picha ya Windows itokee, zipo hatua tano.

1. Umeme wa volti 230 unatoka ukutani, unapita kwenye plagi na waya, unaingia kwenye pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma chenye feni kilichopo nyuma ya boksi.

2. Hata kabla ya kubonyeza kitufe, pawa saplai inatoa umeme mdogo wa volti 5 wa kusubiria. Huo ndio unaoiwezesha madabodi kusikia kitufe kinapobonyezwa. Umeme huu ukiwa dhaifu, utabonyeza mpaka kidole kiume na hutasikia hata feni.

3. Kitufe kikibonyezwa, pawa saplai inaamka na kutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kisha inajipima. Ikiona umeme wake umetulia, inaipelekea madabodi ishara ya kwamba mambo ni shwari. Ishara hiyo hutoka kati ya sehemu moja ya kumi na nusu ya sekunde baada ya umeme kutulia. Isipotoka, kompyuta haiendelei.

4. Prosesa inaanza kazi kwa kusoma programu ndogo iliyomo ndani ya madabodi, inayoitwa baiosi. Baiosi inakagua ramu, kadi ya picha, kibodi na vinginevyo. Ikikuta kasoro hupiga milio au huwasha taa za ishara. Maana ya milio hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo isomwe kwenye kitabu cha kompyuta husika.

5. Baiosi ikiridhika, inaitafuta hadi diski na kuikabidhi kazi. Hapo ndipo Windows au mfumo mwingine unapoanza.

Swali la kwanza la kujiuliza, basi, ni hili: imekwama hatua ya ngapi? Kompyuta isiyotoa taa wala sauti imekwama katika hatua tatu za mwanzo. Inayozungusha feni bila ya picha, mara nyingi imekwama katika hatua ya tatu au ya nne. Inayoonyesha jina la kampuni kisha ikasema haioni diski imefika ya tano. Mtu anayesema tu "haiwaki" hajamsaidia fundi, kwani maneno hayo yanabeba magonjwa matano tofauti.

DAFTARI KWANZA, BISIBISI BAADAYE

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, tulichukua daftari la kurasa 48 na kulichora safu. Kila kompyuta ilipowashwa tuliandika tarehe na saa. Kama ilikuwa imezimwa kwa muda mrefu au mfupi. Kama ilikuwa imechomekwa ukutani usiku kucha au imechomekwa wakati ule ule. Taa na sauti zilizotokea. Na mwisho iliwaka au iligoma. Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu alipewa jukumu hilo, akalifanya kwa uaminifu.

Faida ya daftari ni kwamba linakumbuka tusiyoyakumbuka. Kichwa cha mwanadamu hukumbuka siku mbaya na kusahau siku nzuri. Daftari huziweka zote sawa, na baada ya wiki chache utaratibu wa ugonjwa huanza kuonekana.

Ipo tofauti moja ambayo daftari huionyesha haraka, nayo ni ya moto na baridi. Kompyuta inayogoma ikiwa imepoa na kukubali baada ya kukaa kidogo kwenye umeme, ishukiwe zaidi upande wa pawa saplai na vifaa vya kutuliza umeme. Inayowaka vizuri asubuhi kisha ikajizima baada ya muda, na kukataa mpaka ipoe, ishukiwe upande wa joto: feni iliyokwama, vumbi, au mafuta ya prosesa yaliyokauka. Inayogoma bila ya kujali saa wala joto, hasa ikiguswa au ikisogezwa, ishukiwe upande wa maungio yaliyolegea.

TUANZE NJE YA BOKSI

Wengi hukimbilia ndani ilhali ugonjwa upo nje. Mvuvi akiona wavu haushiki huanza kwa kuukagua wavu kabla ya kulilaumu ziwa. Mambo yafuatayo hayahitaji fundi:

Waya wa umeme. Ule mweusi unaochomekwa nyuma ya boksi hulegea kwa kuchomolewa mara kwa mara. Usukume mpaka mwisho, kisha jaribu mwingine wa aina hiyo, kwani waya wa monita mara nyingi hufanana nao.

Soketi na ekstensheni. Ekstensheni za bei nafuu huwa na vyuma laini vinavyopanuka. Soketi yenye alama ya kuungua, au plagi inayopata joto, isitumike tena. Kwa kupima, ichomeke kompyuta peke yake moja kwa moja ukutani.

Nguvu ya umeme. Mkoa wetu wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo miji yetu ilitegemea jenereta za dizeli. Hata hivyo, umeme wa gridi nao unaweza kupungua nguvu, hasa nyumba ikiwa mbali na transfoma na majirani wote wakiwa wanatumia kwa pamoja. Kama kompyuta inagoma jioni taa zinapofifia, pima soketi kwa multimita kabla ya kuilaumu. Kwa wanaotumia sola na inveta, inveta ndogo huweza kuwasha taa na kuchaji simu, ikashindwa pale kompyuta inapovuta umeme mwingi kwa ghafla wakati wa kuwaka.

Swichi ya volti. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Nchini kwetu ni lazima isomeke 230. Kompyuta iliyotumika Marekani ikiletwa ikiwa kwenye 115 na kuchomekwa hapa, pawa saplai inaweza kuungua papo hapo. Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba akague hapo kwanza.

Flashi iliyosahauliwa. Kompyuta nyingi zimepangwa kutafuta mfumo kwenye flashi au CD kabla ya hadi diski. Flashi ikiachwa imechomekwa, kompyuta husimama na kusema haioni mfumo. Siku ikichomolewa, inawaka. Hii ni hitilafu ya vipindi ambayo si hitilafu. Chomoa flashi, printa na kila kisichohitajika, kisha jaribu.

Kitufe chenyewe. Kitufe kinaweza kuchoka au kung'ang'ania. Kompyuta nyingi zimetengenezwa kuzimika kitufe kikishikiliwa kwa sekunde 4 au zaidi. Kwa hiyo inayowaka na kujizima baada ya sekunde chache, kila mara kwa muda ule ule, huenda kitufe chake kimenasa ndani.

TAHADHARI KABLA YA KUFUNGUA

Wanafunzi wasifungue boksi bila ya mkubwa anayeelewa. Waya uchomolewe ukutani. Kuzima tu hakutoshi, kwa sababu tumeona kwamba volti 5 za kusubiria hubaki madabodini. Baada ya kuchomoa, kitufe kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Mtu aguse chuma cha boksi kabla ya kugusa kadi yoyote, kwani umeme wa mwilini, ule unaosikika mtu anapovua sweta, unaweza kuua kifaa bila ya yeye kuhisi.

Na pawa saplai yenyewe isifunguliwe kabisa. Ndani yake umeme wa volti 230 hugeuzwa kuwa zaidi ya volti 300 na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, na unaweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua. Pawa saplai hubadilishwa nzima. Kazi ya kuifungua ni ya fundi wa elektroniki.

NDANI YA BOKSI

Ukifungua boksi katika vijiji vyetu, cha kwanza kuonekana ni vumbi la barabara. Cha pili ni wadudu. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama wingu la moshi huvutwa na mwanga wa taa, na feni huwanyonya ndani. Sisimizi nao hupenda pahala penye joto, na mjusi akikatiza juu ya madabodi iliyo hai anaweza kuunganisha njia mbili zisizotakiwa kukutana. Vumbi litolewe kwa brashi laini ya rangi ambayo ni mpya na kavu, au kwa kipulizio, feni ikiwa imezuiwa isizunguke.

Baada ya usafi, maungio. Hewa ya pwani ya ziwa ina unyevu, na unyevu huweka utando kwenye vyuma. Ramu ichomolewe, mistari yake isuguliwe taratibu kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, ifutwe kwa kitambaa kikavu kisicho na manyoya, kisha irudishwe mpaka vishikio vya pande zote mbili vijifunge. Kama zipo ramu mbili, jaribu moja moja. Nyaya za hadi diski na plagi kubwa ya pawa saplai nazo zichomolewe na kurudishwa. Kompyuta iliyosafiri kwa gari kutoka hapa hadi Mbinga huweza kulegea maungio, au kinyume chake, mtikisiko ukayakaza. Ndiyo maana kompyuta nyingi "hupona" zikifika mezani kwa fundi, zikarudi nyumbani na kugoma tena.

Kisha betri ya saa. Madabodi nyingi zina betri bapa ya volti 3 yenye maandishi CR2032. Inatunza saa na mipangilio kompyuta inapokuwa imechomolewa. Ikichoka, kila asubuhi saa hurudi miaka mingi nyuma, na kompyuta inaweza kusimama ikisubiri mtu abonyeze F1. Hiyo ni betri ya bei ndogo, inayobadilishwa kwa dakika moja.

KAPASITA: VIDUMU VYA UMEME

Juu ya madabodi na ndani ya pawa saplai vimo vidumu vidogo vya mviringo vinavyoitwa kapasita. Kazi yake ni kama ya tangi la maji la juu ya paa. Maji ya bomba yakija kwa kukatikakatika, tangi huyafanya yatoke kwa utulivu. Kapasita huutuliza umeme kwa namna hiyo.

Aina inayotumika sana ina majimaji ndani. Miaka inapopita, hasa kwenye joto, majimaji hayo hukauka. Kanuni ya wahandisi ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Kapasita iliyochoka hufanya kazi vibaya zaidi ikiwa imepoa. Ikipashwa kidogo na umeme hupata nafuu. Hapo ndipo inapotoka kompyuta inayogoma alfajiri na kukubali saa nne. Dalili yake ya nje ni kichwa kilichovimba au ute wa rangi ya kahawia, ingawa yapo makapasita yaliyochoka yasiyoonyesha dalili yoyote.

Jambo hili limewahi kuzikumba kompyuta za dunia nzima. Kuanzia karibu mwaka 1999 na kwa miaka kadhaa ya 2000, makapasita mengi yasiyo na ubora yaliingia viwandani, na vifaa vya kampuni nyingi vikafa kabla ya wakati. Kampuni ya Dell ya Marekani ni mfano unaojulikana. Nyaraka za kesi zilizofunguliwa hadharani mwaka 2010 zilionyesha kuwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005 iliuza kompyuta za OptiPlex zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu hiyo. Mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha.

Katika habari zilizotoka wakati huo kuna moja inayowahusu wanafunzi. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipolalamika kuwa kompyuta zake zinakufa, iliambiwa kwamba imezichosha kwa kuzikokotolesha hesabu ngumu mno! Ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye kapasita. Tunajifunza kwamba hata mwenye ujuzi anaweza kutoa sababu isiyokuwa na ushahidi. Muulize kwa adabu: umejuaje?

KOMPYUTA YETU ILIKUWA NA NINI?

Tulikagua waya, soketi, flashi na kitufe, vyote vikawa salama. Katika asubuhi 30 zilizoandikwa kwenye daftari, iligoma mara 10, na zote 10 ilikuwa imechomolewa ukutani usiku mzima. Ilipogoma haikutoa taa wala sauti ya feni. Ikiachwa imechomekwa kwa muda wa dakika 15 hadi 20, ilikubali. Kwa hiyo ilikuwa inakwama hatua ya pili au ya tatu, tena ikiwa baridi.

Ramu ilisafishwa na kurudishwa. Asubuhi iliyofuata iliwaka, na ya pili pia. Ya tatu iligoma. Ramu ikafutwa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Ndipo mzazi mmoja mwenye kompyuta ya aina hiyo hiyo alipotuazima pawa saplai yake. Hatukubadilisha kitu kingine chochote. Kompyuta iliwaka asubuhi 14 mfululizo. Ili kuhakikisha, ile ya zamani ilirudishwa, na asubuhi ya tatu ikagoma kama desturi yake. Ilipowekwa ya kuazima, ikawaka. Ugonjwa unapoondoka na kurudi pamoja na kifaa kimoja, kifaa hicho ndicho chenye ugonjwa. Madabodi ilikuwa nzima. Tulinunua pawa saplai peke yake, na madawati yakatengenezwa.

ASUBUHI NGAPI ZINATOSHA?

Mwanafunzi anaweza kuuliza: kwa nini asubuhi 14, na si 3? Hili ni suala la hesabu, na linahitaji sehemu tu.

Kompyuta iliyokuwa inagoma mara 1 katika 3, huwaka mara 2 katika 3. Tuseme hatujatibu kitu. Uwezekano wa kuwaka asubuhi 3 mfululizo kwa bahati tu ni 2/3 × 2/3 × 2/3, yaani 8/27. Hiyo ni karibu mara 30 katika 100. Kwa hiyo mtu anayetangaza ushindi baada ya asubuhi 3 anaweza kudanganyika kwa urahisi kabisa. Asubuhi 7 mfululizo kwa bahati ni karibu mara 6 katika 100. Asubuhi 10 hazifiki 2 katika 100. Asubuhi 14 ni kiasi cha mara 3 katika 1,000.

Na kama kompyuta inagoma mara moja tu katika 10, subira iwe ndefu zaidi, kwani asubuhi 14 kwa bahati ni karibu mara 23 katika 100. Ugonjwa unaojitokeza kwa nadra unahitaji ushahidi mrefu. Haraka haraka haina baraka, na hapa hata hesabu inakubali.

UKIMWENDEA FUNDI

Mzazi anayepeleka kompyuta kwa fundi apeleke na daftari. Badala ya kusema "fundi, imekufa", aseme: "Fundi, inagoma asubuhi ikiwa imechomolewa usiku. Haitoi taa. Ikikaa kwenye umeme dakika ishirini inakubali. Ramu imeshasafishwa, haikusaidia." Kwa maneno hayo machache fundi ameshajua pa kuanzia. Naye aombwe aiache mpaka ipoe usiku kucha kwake, aijaribu asubuhi, na kifaa kilichobadilishwa kirudishwe kwa mwenyewe.

KINGA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mambo yafuatayo yafanywe hata kompyuta ikiwa nzima:

Kwanza, nakala. Kompyuta inayogoma siku moja inaweza kugoma moja kwa moja. Siku inayowaka, kazi ya kwanza ni kunakili rejista, mitihani na hesabu kwenye flashi au diski ya nje, na nakala moja ikae nyumba nyingine.

Pili, radi. Katika masika yetu, ngurumo ikisikika mbali, izime na uichomoe ukutani. Umeme ukikatika na kurudi, subiri kama dakika tano utulie ndipo uwashe.

Tatu, UPS. Inasaidia umeme unapokatika ghafla, kwa kutoa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Nne, mahali. Boksi lisiwekwe sakafuni penye vumbi wala dirishani penye rasharasha za mvua. Lifunikwe kitambaa likiwa limezimwa tu. Likiwaka lisifunikwe kamwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kompyuta inazungusha feni lakini haitoi picha. Inaweza kuwa imekwama hatua ya ngapi, na utaanza kukagua nini?

2. Kompyuta inawaka asubuhi na kujizima saa sita mchana, kisha inakataa mpaka ipoe. Unashuku nini?

3. Kompyuta inagoma mara 1 katika 2. Umebadilisha waya, ikawaka asubuhi 4 mfululizo. Je, kuna uwezekano gani kwamba ni bahati tu?

4. Kwa nini si vyema kubadilisha waya, ramu na betri kwa siku moja?

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa darasa, yakiwa yameandikwa kwa hati safi. Tunamuomba Allah (s.w.) atuwezeshe kuzitunza amana zetu, atupe subira katika kutafuta ukweli, na ailipe kheri kila familia iliyochangia vifaa vya madrasa.